Kufuma, Kufumua

Jumamosi, pale Memorial,
nimenunua sweta nne kwa bei ya moja:
moja imetobolewa na nondo kwapani,
moja ina jina la shule ya watu wa mbali,
mbili sikuziuliza habari.
Muuzaji akasema, Mama, hizi hazivaliki.
Nikamwambia, sikuja kuvaa.

Kufumua kuna adabu yake.
Unatafuta mshono wa bega, unaukata kwa wembe
taratibu, kama unayemtoa mtoto mwiba,
kisha unavuta, na mkono mzima unakuwa uzi,
kifua kinakuwa uzi,
mtu usiyemjua anaondoka safu kwa safu
mpaka mapajani pako umebaki mpira tu
wa kijani cha mgomba ulionyeshewa.

Nyuzi nimeziosha kwenye beseni, nikazianika
juu ya mibuni, kila shada na jiwe lake,
maana sufu ina kinyongo:
ukiifumua leo, bado imejikunja
kwa vitanzi vya jana.
Siku tatu za jiwe. Nne, kwa kuwa Julai hii
Kibosho haina jua, ina wingu linaloingia hadi jikoni
bila hodi, na mlima sijauona tangu Sabasaba.

Sindano zangu ni spoki za baiskeli ya marehemu Felisiani.
Alizinoa ncha kwenye ngazi ya baraza,
akasema, haya, baiskeli haiendi tena, nenda wewe.

Kandida, hukuniambia kama Ritha amejifungua.
Nimesikia kanisani, kwa mtu asiyejua
kwamba mimi na wewe hatusemezani.
Akanipa mkono wa hongera, nikaupokea.
Wa kike, akasema. Kilo tatu na robo.
Na huko Sakina upepo hupita chini ya mlango.

Mwaka wa tisa huu.
Migomba minne, Kandida! Minne ya mpakani,
na neno lile nililolitamka siku ya kuanua matanga
mbele ya wakwe zako.
Migomba yenyewe ilishalala chini zamani.

Kijani ilitosha. Maziwa ilitosha, na bluu ya sare.
Ilipungua nyekundu,
na nyekundu ninayo moja tu humu ndani:
sweta uliyonipa kwa mshahara wako wa kwanza.
Miaka tisa sikuivaa. Sikuigawa pia.
Imekaa chini ya sanduku na kipande cha sabuni
kama mtu aliyenuna.
Nimekata bega lake usiku, umeme umekatika,
nikavuta kwa mwanga wa simu,
na nilipofika mfukoni nikakuta tiketi ya basi,
nyuma yake mwandiko wako:
Usiifue kwa maji ya moto, mjinga wewe.
Nikacheka peke yangu. Nikaendelea kuvuta.

Sikufuma maua. Mlima nao wafumiwe watalii.
Pembeni nimeweka jani moja la isale,
refu, la kijani, lisilohitaji maelezo.

Nimelifunga blanketi kwa gazeti,
nikamkabidhi kondakta wa basi la alfajiri,
nikarudi na vidole visivyo na kazi.

Siku mbili kimya. Ya tatu,
nakata majani ya mbuzi, simu ikalia.
Hukusalimu.
“Safu ya nane toka chini, umeangusha kitanzi.”
Najua, nikasema.
“Mtoto ataingiza kidole, litafumuka lote.”
Basi njoo ulirekebishe.
Ukanyamaza. Nyuma yako
kiumbe kidogo kikapiga chafya, mara mbili.
“Nyekundu hii,” ukasema, “naijua.”

Mbuzi alikuwa ameshaingia kwenye mchicha wa jirani.
Nikamwacha ale.